Asiyekuwapo na Lake Halipo: Fundi Sanifu wa Unguja na Safari ya Kuingia Daftarini

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyaacha,

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula, kijana mmoja wa Kidato cha Nne alinijia pale nilipokaa chini ya mwembe akaniuliza kwa adabu: "Babu, wewe kazini ulikuwa injinia au fundi?" Nikamjibu kuwa nilikuwa fundi sanifu. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kumbe hukufika." Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini usiku ule nilikawia kulala.

Kijana yule hakunikosea heshima. Alisema wanavyosema watu wengi, kwamba kazi ya ujenzi na mitambo ni ngazi moja tu, na kila asiyefika juu amekwama njiani. Basi Mhariri aliponitaka niandike katika gazeti letu habari ya historia, nikaona niandike hii: namna fundi sanifu alivyopatikana katika Unguja yetu, kwa nini kwa miaka mingi jina lake halikuwa katika daftari lolote la sheria, na hasara gani hutokea jina hilo linapokosekana.

Kwanza tuelewane maneno. Injinia, au mhandisi, ndiye anayepiga hesabu na kubuni. Mwashi, seremala, fundi bomba na fundi umeme ndio wanaotenda kwa mikono. Kati yao yuko fundi sanifu. Yeye huisoma ramani ya injinia, huigeuza kuwa vipimo vya kiwanjani, hupima zege, hukagua nondo, na huwaambia mafundi: hapa sawa, hapa vunjeni. Siku hizi yuko pia mteknolojia, aliyesoma zaidi ya fundi sanifu lakini elimu yake imeelemea utendaji. Kipimo kinachotajwa mara nyingi katika nchi yetu ni kwamba injinia mmoja anahitaji mafundi sanifu watano na mafundi stadi ishirini na watano. Kwa hiyo fundi sanifu hakukwama njiani. Hapo alipo ndipo mahali pake, na pakiwa patupu ramani haifiki kiwanjani.

Zama za mwashi na mistri

Mji Mkongwe ulijengwa bila bodi ya usajili. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene, na sakafu zikibebwa na boriti za mikandaa. Upana wa chumba haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba. Uliamuliwa na boriti, ambayo kwa kawaida huruka mita tatu hivi na haizidi sana hapo. Chokaa ilichomwa katika tanuu kwa mawe na magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikomae, kisha ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Mwashi aliyeijua kazi hii aliijua kwa kukaa miaka chini ya mwashi mwingine. Pamoja naye walikuwapo mafundi kutoka Bara Hindi, wale walioitwa mistri, walioleta ustadi wa kuchonga mbao na kupamba kuta.

Katika zama hizo usajili ulikuwa ni jina la mtu mtaani. Fundi aliyejenga ukuta ukapasuka aliishi mtaa ule ule na mwenye ukuta, akasali naye, akakutana naye sokoni. Hakuwa na pa kujificha. Aidha, mwanafunzi hakujiita fundi mpaka mkubwa wake amemkubali. Tusidhani, basi, kwamba wazee wetu hawakuwa na sheria ya ufundi. Walikuwa nayo, ila ilikuwa vifuani mwa watu, na iliweza kutosha madhali mji ni mdogo na kila mmoja anamjua mwenzake.

Mambo yalianza kubadilika wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Yeye ndiye aliyeleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchem za upande wa kaskazini ya mji, na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Jumba lile halikuwa la mawe na boriti za mikandaa tu. Lilikuwa na nguzo za chuma cha kumimina na mihimili ya chuma, na baadaye likawa na taa za umeme na lifti. Chuma, bomba na waya ni vitu ambavyo jicho la mwashi peke yake halivitoshi. Vinahitaji hesabu, na mtu wa kusimama kati ya hesabu na mkono. Hapo ndipo haja ya fundi sanifu ilipozaliwa hapa kwetu, ijapokuwa jina lake lilikuwa halijazaliwa.

Idara ya Kazi na madaraja yake

Chini ya himaya ya Waingereza, kazi za barabara, majengo na mifereji zilikuwa mikononi mwa Idara ya Kazi za Umma, iliyojulikana kwa herufi zake tatu, P.W.D. Reli ya kwenda Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mwaka 1905, nayo ilikuja kuwa mali ya Serikali kabla ya kung'olewa.

Idara ilikuwa na ngazi, na ngazi ile ilikwenda kwa rangi kuliko kwa ujuzi. Injinia alikuwa Mzungu. Msimamizi, au ovasia, aghalabu alikuwa Muhindi. Mwafrika na Mwarabu wa hali ya chini walikuwa mafundi, na chini yao walikuwa vibarua. Mtu aliweza kufanya kazi ya ovasia miaka kumi na tano, akapima barabara na kuhesabu saruji, na bado katika vitabu vya mshahara akaandikwa fundi. Waliobahatika walifanya mitihani ya City and Guilds ya London, na cheti kile kilithaminiwa sana. Lakini cheti ni ushahidi wa kufaulu mtihani. Hakikumpa mtu haki ya kukataa kazi mbovu, wala hakikumpa wajibu mbele ya sheria.

Kwa insafu niseme pia kwamba Uingereza yenyewe ilichelewa katika jambo hili. Wahandisi wake walikuwa na vyama vyao tangu karne ya 19, lakini daftari la pamoja lenye madaraja matatu, yaani la injinia, la injinia fundi na la fundi sanifu, lilianzishwa huko mwaka 1971 tu. Baraza lao la Uhandisi likaja mwaka 1981, baada ya ripoti ya Finniston ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mkoloni hakutunyima kitu alichokuwa nacho kwao. Alituachia pengo ambalo na kwao lilikuwapo.

Baada ya 1964

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wahandisi wageni wengi waliondoka, na kazi ikaongezeka badala ya kupungua. Serikali ya Mapinduzi ilitaka nyumba, skuli, hospitali na barabara kwa haraka. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki zikajengwa nyumba za Kikwajuni na Kilimani, kisha yale majumba marefu ya Michenzani. Wananchi walijitolea kubeba mawe na kumwaga zege, na wengi wenu mnaosoma hapa mna wazazi waliokuwamo. Vijana wengi wa Unguja walijifunza pale kupinda nondo na kusoma ramani, wakisimama ubavuni mwa wataalamu wa Kijerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukapata na televisheni ya rangi, ambayo ilihitaji mafundi wa aina nyingine kabisa.

Mafunzo nayo yakapangwa. Dar es Salaam kulikuwa na Chuo cha Ufundi kilichoanza mwaka 1957, ambacho tangu 1997 ni Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Huko kijana wa Kidato cha Nne alisoma miaka mitatu na kupata Cheti Kamili cha Ufundi, ambacho sote tulikiita F.T.C. Chuo cha Ufundi Arusha kikafuata mwaka 1978. Hapa kwetu Chuo cha Ufundi Karume, Mbweni, kikatoa mafundi wa Visiwani, nacho leo ni Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Kitivo cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Angalieni ajabu hii: Ujerumani moja ilitujengea nyumba Unguja, na ya pili ikafundisha mainjinia Bara, na fundi sanifu wetu akahitajika kufanya kazi na pande zote mbili.

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao wa F.T.C. Nilirudi Unguja na cheti, rula ya hesabu na kiburi kidogo.

Kivuli kilichoanguka

Sasa nataka niwaeleze jambo lililonipata, na ofisi sitaitaja kwa jina.

Katikati ya miaka ya 1980 nilipewa kusimamia jengo dogo huko shamba. Mbele ya mlango wake palikuwa na kivuli cha zege, yaani bapa lililotokeza nje ya ukuta bila nguzo mbele. Wanafunzi, sikilizeni hapa, maana ni somo la fizikia. Zege hustahimili kugandamizwa, lakini halistahimili kuvutwa. Kwa hiyo nondo huwekwa upande unaovutwa. Katika boriti iliyokaa juu ya kuta mbili, upande unaovutwa ni wa chini. Lakini katika kivuli kilichotokeza nje ni kinyume. Nyoosheni mkono mbele, mtundike ndoo ya maji kwenye kiganja: utakaovutwa ni upande wa juu wa bega. Basi nondo za kivuli lazima ziwe juu.

Nilifika asubuhi nikakuta zimefungwa chini. Nikamwambia mkuu wa mafundi azipandishe. Akasema amefanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa, na kwamba gari la saruji linasubiri. Nikamwonyesha ramani, akasema ramani ni ya injinia, na injinia hayupo. Nikapanda baiskeli kwenda kutafuta simu. Niliporudi zege lilikuwa limekwisha kumwagwa. Niliandika habari ile katika daftari langu la kazi, nikamweleza mkubwa wangu kwa mdomo, naye akasema tutaangalia.

Siku ya kutoa mbao za kushikilia, kivuli kilianguka chote kwa mara moja. Hakufa mtu, Mungu alisaidia. Lakini kijana mmoja kibarua, aliyekuwa akizing'oa zile mbao, alivunjika mguu, na kwa maisha yake yote amekwenda kwa kuchechemea.

Kamati ilikaa. Walimwita injinia, kwa sababu sahihi yake ilikuwa kwenye ramani. Ramani ilikuwa sahihi, akatoka. Walimwita mkandarasi, akasema alikuwa na fundi mzoefu. Walimwita mkuu wa mafundi, akasema hajui kusoma ramani na hakuna mwenye mamlaka aliyemzuia. Mimi sikuitwa. Nilikwenda mwenyewe na daftari langu mkononi, nikaambiwa kwa upole kuwa jina langu halimo katika hati yoyote ya jengo lile. Sikuwa mshitakiwa, wala sikuwa shahidi. Nilirudi nyumbani bila adhabu, na hata hivyo sikupata raha. Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nilikuwapo kiwanjani kila siku, lakini katika sheria sikuwapo.

Namtaja kijana yule kwa sababu mtu akisikia "usajili wa mafundi sanifu" hudhani ni habari ya vyeo na posho. Kwangu mimi ni habari ya mguu wa mtu. Kama mimi ningekuwa na sahihi ambayo bila hiyo zege haimwagwi, gari la saruji lingengoja. Na kama ningetia sahihi yangu kwa uvivu, basi ningewajibika mimi, na ingekuwa haki.

Sheria zinavyokuja

Tanzania Bara ilitunga sheria ya kusajili wahandisi mwaka 1968. Kenya ikafuata mwaka 1969, na Uganda mwaka huo huo. Zilikuwa nchi changa zilizotaka kujua nani ni injinia wa kweli na nani amejipachika jina, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini fikra ya sheria hizo ilianzia juu: mlinde injinia, mengine yatajipanga yenyewe.

Bara ilitunga sheria mpya mwaka 1997 iliyoweka Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nayo ikarekebishwa mwaka 2007. Leo daftari la Bodi hiyo halina wahandisi peke yao, bali mafundi sanifu nao wana sehemu yao. Mwaka 1997 huo huo likaanzishwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, ambalo limepanga masomo kwa ngazi. F.T.C. yetu ikaondoka, na mahali pake ikaja stashahada ya kawaida, ambayo ni ngazi ya sita. Tangu 2021 baraza hilo linasimamia na mafunzo ya ufundi stadi.

Sheria hiyo ya wahandisi, lakini, ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake, iliyotungwa mwaka 2008, na iliyoweka bodi moja kwa fani tatu: wabunifu majengo, wahandisi na wakadiriaji majenzi. Kwa visiwa vyenye watu wachache kama sisi, kuziweka fani hizo chini ya dari moja ni jambo lenye maana, kwani katika jengo hazitengani. Lakini msomaji atazame jina la sheria hiyo. Fani tatu zimetajwa, na fundi sanifu hakutajwa katika jina. Hata mtoto mkubwa ndani ya nyumba hupenda kusikia akiitwa.

Kenya imeshika njia ya tatu. Sheria yao ya wahandisi ya 2011 ilijishughulisha na wahandisi, na wateknolojia na mafundi sanifu wakalalamika kuwa wameachwa mlangoni. Mwaka 2016 wakatungiwa sheria yao wenyewe ya teknolojia ya uhandisi, yenye bodi yao ya kuwasajili na kuwapa leseni. Wapo wanaosema ni vizuri, maana kila mmoja ana nyumba yake. Wapo wanaosema ni hatari, maana jengo likianguka bodi mbili zitatazamana. Mimi naona nyumba moja yenye vyumba vingi ni bora kuliko nyumba mbili zenye ua katikati, lakini nyumba mbili ni bora kuliko kulala nje.

Dunia nayo imesogea upande huo. Mwaka 2001 mataifa kadhaa yalifanya Mapatano ya Sydney ya kutambuliana elimu ya wateknolojia, na mwaka 2002 yakafanywa Mapatano ya Dublin juu ya elimu ya mafundi sanifu, Afrika ya Kusini ikiwa miongoni mwa waliotia sahihi tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba fundi sanifu ni daraja linalojitegemea, lenye kipimo chake, na kipimo hicho si injinia aliyepungua.

Giza na kifusi

Ndugu zangu mtasema, haya ni ya vitabuni. Basi na tukumbuke mambo mawili ya karibuni.

La kwanza ni umeme. Tangu 1980 Unguja imepata umeme kutoka Bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 tulikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili. Kebo mpya yenye nguvu zaidi ilikuja mwaka 2013. Katika giza lile kila aliyeweza alinunua jenereta, na kila aliyekuwa na bisibisi akawa fundi umeme. Niliona kwa macho yangu jenereta zilizounganishwa na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilisha, yaani ile inayotenganisha nyumba na laini ya mtaa. Jenereta ikiwashwa hivyo, umeme hutoka nyumbani ukarudi kwenye laini, ukapanda katika transfoma na kuwa mkali maradufu, ukamngoja fundi wa Shirika aliyeko juu ya nguzo anayeamini kuwa laini imekufa. Kazi ya kuifunga swichi ile ni ya saa chache. Swali ni moja tu: nani ameruhusiwa kuifunga, na nani ataulizwa asipoifunga?

La pili ni zito zaidi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, ilianguka wakati jumba likiwa katika matengenezo. Watu wawili walikufa. Sisemi nani alikosea, kwani sikuwapo na si kazi yangu kuhukumu. Nasema hili tu: jumba lile lilikuwa na chuma na mawe na chokaa kwa pamoja, lilistahimili mizinga ya Agosti 1896, na lilisimama miaka 137. Majengo ya namna hiyo yanataka jicho la kila siku, la mtu anayepanda ngazi, anayepima ufa leo na kuupima tena wiki ijayo, na anayejua kuwa saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huziba unyevu ndani, na unyevu huozesha ncha za boriti mahali pasipoonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayeuona ufa kwanza si injinia aliye ofisini.

Wenzetu wa Bara nao wamelia. Mwezi Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, na mwezi Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaporomoka na kuua wengine wengi.

Daftari na upofu wake

Sitaki mdhani kuwa mimi naamini daftari ni dawa ya kila ugonjwa. Daftari la usajili hufanya kazi tatu. Linahakikisha mtu amesoma. Linahakikisha amefanya kazi chini ya aliyemtangulia kabla ya kuachiwa peke yake. Na linampa mtu kitu cha kupoteza, kwani akiharibu jina lake litafutwa. Kazi hii ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo inayosahauliwa. Bodi inayokusanya ada na kutoa vyeti bila ya kwenda viwanjani ni duka la karatasi.

Aidha, daftari lina upofu wake, na katika Mji Mkongwe upofu huo ni hatari. Mzee anayejua chokaa, anayeweza kuishika kiganjani na kukwambia haijakomaa, pengine hana cheti hata kimoja. Tangu 1985 tuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na tangu mwaka 2000 mji wetu umo katika Urithi wa Dunia. Sheria na heshima hizo zote zinategemea mikono ya wazee wachache wa namna hii. Tukimwambia mzee huyo kuwa hawezi kugusa ukuta kwa sababu hana ngazi ya sita, tutakuwa tumesajili karatasi na kuutupa ujuzi. Bara wamekuwa na utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi yake mwenyewe na kupewa cheti. Utaratibu wa namna hiyo, ukitiwa somo la chokaa na boriti, ungewafaa waashi wetu kuliko wote. Na fundi sanifu kijana ndiye wa kukaa na mzee huyo, daftari mkononi, aandike anayoyajua kabla hajaondoka nayo.

Neno kwa vijana

Sasa nimrudie yule kijana wa chini ya mwembe. Mwanangu, nilifika. Mahali nilipofika palikuwa kiwanjani saa moja asubuhi, kabla zege halijamwagwa, na hakuna mahali muhimu zaidi katika jengo zima. Kilichokosekana ni sheria iliyokubali kuwa nipo.

Wewe ukienda Karume au Dar es Salaam kusomea ufundi sanifu, nenda ukijua mambo mawili. Uliza kabla ya kumaliza masomo ni bodi gani itakusajili, Unguja au Bara, na kwa daraja gani, maana kazi siku hizi zinavuka bahari kama kebo. Na ukisha kupewa haki ya kutia sahihi, usiitie mahali ambapo hukupanda mwenyewe ukatazama.

Na nyinyi wenzangu wa rika langu, ambao baadhi yenu mmekaa katika mabaraza na kamati zinazotunga sheria: likija tena suala la kurekebisha sheria hizi, tazameni jina la fundi sanifu limeandikwa wapi, na sahihi yake inahitajika wapi. Kama halimo, litieni. Yule kibarua wa shamba bado yu hai. Tukikutana sokoni Darajani husimama akanisalimu, hunishika mkono, na hatujapata hata siku moja kuzungumza juu ya kivuli kile. Mwaka huu nimeazimia kumwalika katika mkutano wetu, ingawa hakusoma skuli hii, akae nami meza moja, vijana wamwone.